Skrini na roli: timu zetu zinaiweka kila shambulizi, mbona haizai?

Midundo Miwili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Pita uwanja wowote wa kikapu Dar jioni, Don Bosco Upanga au huko mitaani kwenye ringi isiyo na wavu, utaona kitu kilekile. Gadi, yule anayeongoza mpira, anapandisha, anainua ngumi kuita skrini. Senta, yule mkubwa wa chini ya ringi, anatembea mpaka juu, anasimama kumzibia njia mlinzi wa gadi (hiyo ndiyo skrini). Gadi anaondoka kabla senta hajatulia. Senta anageuka na kukimbilia ringi (hiyo ndiyo roli) huku mpira ameupa mgongo. Walinzi wawili wanamwangukia gadi, pasi inapigwa juujuu, inakatwa, tunakimbizwa. Shambulizi linalofuata, ngumi tena.

Mechi ikiisha utasikia "skrini na roli yetu walishaisoma". Jamani, hii kitu hakuna asiyeijua. Hata wanaoijua bado wanafungwa nayo, kwa hiyo tatizo si kusomwa.

Hoja yangu ni hii: skrini na roli inafaulu au inakufa kabla mlinzi hajagusana na senta. Sisi mazoezini tunahangaika na mwisho wake, danki na leiapu, yaani kufunga pale ringini, wakati imeshaharibika huko mwanzo.

Tukubaliane kwanza inatafuta nini. Kumwangusha mlinzi sio shabaha. Tunataka kwa sekunde moja hivi mlinzi wa gadi awe amebaki nyuma, na mlinzi wa senta awe peke yake mbele ya watu wawili: mwenye mpira na anayeroli. Akimfuata huyu, yule yuko huru. Kazi yote ni kuirefusha hiyo sekunde.

Inaanza na mbio za senta. Senta anayetembea kwenda kuweka skrini anafika na mlinzi wake kiunoni, na huyo mlinzi ameshamwambia mwenzake "kushoto, kushoto, skrini kushoto". Senta akikimbia kweli hatua nne za mwisho, anafika akiwa amemwacha mlinzi wake nyuma, na hapo swali linaulizwa huku mlinzi wa kulijibu hajafika. Makocha tunapigia kelele ukubwa wa skrini, mguu huku mguu kule, hatusemi kitu kuhusu mwendo wa kuifikia.

Kisha pembe. Mgongo wa mweka skrini uelekee pale unapotaka mpira uende. Ukiweka skrini katikati juu huku mgongo wako unatazama mstari wa pembeni, gadi wako atapita akielekea pembeni, mbali na ringi, na mlinzi anamkuta huko bila presha. Zungusha nyonga kidogo, mgongo utazame ringi, gadi anapita akishuka. Ni tofauti ya hatua nusu, na ndiyo inayoamua kama mlinzi wa senta ana haraka au hana.

Halafu gadi, na hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa. Gadi asubiri. Miguu ya senta ikishatulia, piga hatua moja upande wa pili, kwa macho na bega, mlinzi ahame. Kisha rudi, na upite bega lako likifuta nyonga ya senta. Mkono wa mlinzi ukipata njia ya kupita kati yenu, mwili nao utapita.

Ukishapita, midundo miwili. Wa kwanza unakuvusha bega la senta. Wa pili unamuuliza yule mlinzi mkubwa: unakuja kwangu au unabaki? Hapo punguza mwendo. Gadi zetu hupita skrini kwa kasi ileile mpaka chini ya ubao, wakigeuka wamezungukwa. Mtazame Chris Paul, gadi wa miaka mingi wa NBA, ligi ya Marekani. Akishapita anampakata mlinzi wake mgongoni, anakaribia kutembea, na yule nyuma hana pa kupita bila faulo. Sasa walinzi wawili wanafanya kazi ya nusu mlinzi.

Na roli yenyewe: inaanza baada ya mgusano. Geuka huku mpira unauona muda wote, makalio yakimfungia njia mlinzi wa gadi, mkono mmoja juu ukiomba. Pasi itoke palepale kwenye mdundo kwa mkono mmoja, ya chini, ipige sakafu katikati ya walinzi wawili. Ukiushika mpira kwa mikono miwili kwanza ndipo upige pasi ya kifua, umewapa nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo mtaji wako wote.

Karibuni. Najua humu kuna makocha na marefa, msinionee huruma.

---

Kijana Namba Saba

Kocha shikamoo, nashukuru kwa darasa. Mimi ni gadi, mlinzi wangu hanifuati juu ya skrini. Anapita chini, kati ya senta wangu na mlinzi wake, ananikuta upande wa pili ananisubiri anacheka. Hapo midundo miwili inanisaidia nini?

---

Midundo Miwili

Marahaba kijana. Anayepita chini anakupa ujumbe: mitupo yako ya pointi tatu haiogopi. Kuna majibu mawili.

La kwanza unalijua, rusha. Ukipita skrini ukiwa tayari, miguu imekaa, una nafasi nzuri kuliko utakayoipata mechi nzima. Ukitia mbili ataacha kupita chini.

Kama mtupo huo huna kwa sasa, la pili ni senta kuigeuza skrini. Mlinzi wako akiwa anapita chini, senta hakimbilii ringi, anabadilisha nyonga na kumwekea skrini ya pili kutoka upande wa pili, wewe unarudi ulikotoka. Mlinzi ametoka kukimbia nusu duara, sasa arudi tena. Na muiweke chini zaidi, hatua moja au mbili ndani ya mstari wa tatu. Hapo akipita chini yake yuko karibu kusimama kwenye mstari wa mitupo huru, na wewe unapita ukiwa mita tano hivi kutoka kwenye ringi. Hiyo hata wewe unatia.

---

Filimbi ya Kati

Mimi napuliza mechi za mkoa, niongeze la sheria maana ugomvi mwingi uwanjani unaanzia hapa.

Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mweka skrini awe amesimama, miguu yote miwili iko chini, na asitoke nje ya silinda yake, yaani eneo la mwili wake. Viwiko, goti au nyonga vikitoka kumfuata mlinzi na mgusano ukatokea, ni faulo ya mshambuliaji. Ukimwekea skrini mtu aliyesimama na anakuona, mbele au ubavuni, unaruhusiwa kusogea karibu utakavyo ilimradi usimguse. Ukimwekea kwa nyuma asikokuona, muachie nafasi ya hatua moja ya kawaida. Na kama anakimbia, lazima umpe nafasi ya kusimama au kubadili njia: haipungui hatua moja na haizidi mbili.

Sasa wachezaji hawaelewi kitu kimoja. Nikimpulizia senta skrini ya kutembea, mara nyingi mkosaji ni gadi wake. Gadi ameondoka mapema, senta bado anafika, mlinzi anapita, senta anatupa nyonga kumzuia. Faulo inaandikwa kwa senta, benchi lote linanitazama mimi. Kocha hapo juu amesema gadi asubiri, nami nasema hivyohivyo kwa upande wa filimbi: akisubiri, kazi yangu inapungua.

Na tafadhali msininukulie NBA. Ile mikumbatio mnayoiona kwenye YouTube, kwangu ni faulo.

---

Chupa ya Maji

Timu yetu senta anapanda kuweka skrini ili apumzike. Huko juu ndiko hakuna mtu wa kumsukuma 😂

---

Jazz Damu

Refa umenichokoza. Mikumbatio unayoisema, mmoja ni maarufu sana.

Tarehe 29 Mei 1997, Houston, mchezo wa sita wa fainali ya kanda ya Magharibi ya NBA, Houston Rockets na Utah Jazz, matokeo yamefungana 100 kwa 100, mpira uko kwa Utah sekunde chache zimebaki. Mpira unarushwa ndani kwa John Stockton. Karl Malone anamkwamisha Clyde Drexler, na mashabiki wa Rockets mpaka leo wanasema alimkumbatia. Charles Barkley anamkimbilia Stockton, amechelewa. Stockton anatia tatu, 103 kwa 100, na Utah wanaingia fainali ya NBA kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Stockton na Malone walicheza pamoja misimu 18, 1985 mpaka 2003, karibu muda wote chini ya kocha Jerry Sloan. Stockton aliondoka na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 15,806 na hakuna aliyeifikia. Malone aliondoka na pointi 36,928. Hesabuni wenyewe ni ngapi kati ya hizo zilitokana na vile vitu viwili: skrini, pasi.

Na mnaosema "skrini na roli" mnasahau kwamba Malone mara nyingi hakuroli. Aliweka skrini, akarudi nyuma hatua mbili, akapokea na kurusha kutoka mita tano. Mlinzi wake akianza kumkimbilia huko ndipo anaroli. Mzee Sloan alikuwa hana siri, kila mtu anajua kinakuja nini, na walifika fainali mbili mfululizo, 1997 na 1998.

(Ndiyo, zote Chicago walituchapa 4-2. Msinikumbushe.)

---

Dada wa Posti, Mombasa

Habari zenu. Nacheza namba nne, ndani karibu na ringi, na mimi si mrefu, kwa hivyo naomba kuwaongelesha kuhusu upande wa mweka skrini, maana hapa naona kila mtu ni gadi.

Mlinzi wangu akiwa na tabia ya kutoka juu mapema, yaani kabla sijafika anaruka kumzuia gadi asipite, mimi simuwekei mtu skrini. Nafanya kama nakuja, mikono kifuani, nikifika hatua moja nabadili nakimbia ringi. Yeye ashatoka, mgongo wake uko kwangu. Pasi hapo iwe ya juu, si ya chini, kwa sababu katikati kuna miguu minne. Gadi wangu najua ataniona kwa sababu tumezungumza: nikiweka ngumi kifuani niko na skrini ya kweli, nikiweka viganja wazi nateleza. Walinzi bado hawajagundua, na nyinyi msiwaambie.

Ikiwa wanaswichi, yaani walinzi wanabadilishana watu, hapo ndipo wengi huharibu. Msichana mdogo amebadilishana amenikamata mimi. Mazoea ni kukimbia ringi na kunyosha mikono. Yeye anakimbia mbele yangu, mpira haufiki. Mimi nasimama. Nikishamgusa, nakaa chini, namuweka mgongoni palepale nje kidogo ya peinti (lile eneo la mstatili chini ya ringi), nasubiri. Kazi ya gadi sasa ni kusogea mpaka apate mstari wa kunipa, ama ampe mtu aliye juu karibu na mstari wa mitupo huru, yule anipe kwa ndani. Pasi ya kutoka juu hata mlinzi mfupi anayekaa mbele yangu haizuii.

Kitu kingine: skrini nzuri unaijua kwa pumzi. Yule mlinzi akigonga kifua changu, anatoa sauti ya "hah" ndogo, na mguu wake wa nyuma unakatika. Hapo naanza kugeuka. Nikigeuka kabla ya hiyo sauti, nimemwachia njia.

---

Midundo Miwili

Dada, hiyo ya "nasimama" naichukua kesho mazoezini. Gadi zangu wanalalamika kwamba swichi inawaua kumbe senta ndiye anaikimbia faida yake.

@Jazz Damu, heshima kwa wazee, ila kuna kitu kinatudanganya tukitazama NBA ya sasa, na sijaona mtu akikitaja. Kule kuna kanuni ya sekunde tatu za ulinzi: mlinzi asiye na mtu wa kumkaba kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya peinti zaidi ya sekunde tatu. Kwa FIBA hakuna. Sekunde tatu ni kwa mshambuliaji tu. Mlinzi akitaka kuweka kambi chini ya ringi toka mwanzo wa shambulizi mpaka mwisho, ni ruhusa. Na mstari wetu wa tatu uko mita 6.75, kwenye kona 6.60, wakati wao juu ni 7.24. Kwa hiyo yule wa kusaidia yupo karibu zaidi na haondolewi na refa.

Unamwona senta wa Denver anaroli peinti iko tupu, unarudi kwenye ligi ya mkoa unaroli, unakutana na jamaa amesimama hapo kama mlinzi wa geti. Roli ilikuwa nzuri. Aliyeiharibu ni yule mchezaji wako wa nne aliyekuwa ameshika kiuno kwenye kiwiko cha peinti (pembe yake ya juu), mlinzi wake akawa anakaba watu wawili bila kuhama.

Hapa ndipo nasema skrini na roli ni mchezo wa watu watano. Watatu waliobaki ndio wanaoamua kama ile sekunde ipo au haipo.

---

Mtoto wa Lushi

Jambo kwenu wote. Naandika nikiwa Lubumbashi. Mumesahau mtu wetu. Bismack Biyombo alizaliwa hapa, akachaguliwa wa 7 katika drafti ya 2011, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya. Kutupa hakuwa anajua sana, wote tunakubali. Lakini alidumu NBA miaka mingi kwa kazi ambayo hamuioni kwenye karatasi ya takwimu: anafika haraka, anaweka skrini ngumu, anakimbia ringi kila mara hata kama anajua hatapewa mpira. Akikimbia, walinzi wawili wanaingia ndani kumfuata, na mtupaji wa kona anabaki peke yake. Akiwa Toronto mwaka 2016 alikamata ribaundi (mipira iliyokosa ringi) 26 mechi moja ya fainali ya kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland. Huku vijana warefu wote wanataka kutupa tatu. Kuroli bila kupewa mpira hakuna anayetaka.

---

Midundo Miwili

Umenena. Na kwetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa 2 mwaka 2009, mita 2.21, kila mtoto mrefu akaambiwa akae chini ya ringi asubiri. Kumfundisha kukimbia juu, kuweka, kugeuka na kushuka, nani ana muda huo.

---

Kiti cha Mbele

Sawa wakuu, nadharia tamu. Sasa mimi nina timu ya sekondari. Mtu wa kurusha tatu sina hata mmoja, narudia, hata mmoja. Kona nikimuweka mtu, mlinzi wake anamgeuzia mgongo kabisa anakaa kwenye peinti. Nifanyeje? Au niachane na skrini na roli?

---

Midundo Miwili

Usiachane nayo. Hamisha mahali.

Acha kuiweka katikati juu. Ipeleke pembeni, upande ambao kona yake iko tupu. Yaani upande wa mpira kuna gadi na senta peke yao, hakuna mtu kona, hakuna mtu karibu. Watatu wote wako upande wa pili. Sasa yule mlinzi anayetaka kusaidia hana mtu upande huo wa kusingizia kumkaba, lazima avuke peinti nzima aje. Akivuka amechelewa, na akiwahi kuvuka kabla, mtu wake amebaki upande wa pili bila mwenyewe.

Na hao wa upande wa pili wasisimame. Mmoja akae chini karibu na mstari wa mwisho, nje kidogo ya peinti, mikono tayari. Mlinzi wake akigeuza kichwa kuangalia roli, anakatiza nyuma yake kuelekea ringi. Huyo hahitaji kurusha tatu, anahitaji kushika mpira na kuuweka ubaoni. Mwingine apande kutoka kona kuja juu wakati senta anashuka, ili gadi akibanwa awe na pasi ya kutokea anayoiona kwa macho, asiitafute.

Cha pili kwa timu isiyo na warushaji: roli fupi. Senta asiende mpaka ringi, ashuke hatua mbili tatu asimame karibu na mstari wa mitupo huru apokee hapo. Yule aliyepiga kambi chini sasa aamue: akitoka, kuna mtu nyuma yake chini ya ringi, asipotoka, senta anarusha mita nne hakuna mtu. Ila senta wako lazima ajue kupokea, kutua kwa miguu miwili na kuangalia kabla ya kudunda. Senta anayedunda mara moja bila kuangalia akishapokea hapo, mpeleke benchi akanywe maji.

---

Jazz Damu

Roli fupi ndiyo ilimpa Draymond Green wa Golden State mkate. Fainali ya NBA ya 2015 Cleveland walikuwa wanamtegea mwenzake Stephen Curry watu wawili kila akipita skrini. Curry anautoa haraka, Draymond anapokea katikati, na hapo ni wanne dhidi ya watatu. Golden State walichukua 4-2.

---

Midundo Miwili

Kabisa. Ukitegewa watu wawili usijaribu kupenya kati yao, na usisimame. Rudi nyuma midundo miwili, wote wawili wakufuate, ndipo utoe. Unavyowavuta mbali ndivyo senta wako anavyopata uwanja. Gadi wengi wanaona aibu kurudi nyuma, wanahisi wameshindwa. Curry anarudi mpaka karibu na nembo ya katikati.

---

Zamani Ilikuwa Bora

Mnaharibu watoto. Umri wa miaka 12 fundisha kudunda, pasi, leiapu kwa mikono yote, mtu kwa mtu. Skrini na roli watajifunza wakikua. Siku hizi mtoto hajui kumpita mlinzi mmoja, anaita skrini.

---

Midundo Miwili

Kwa miaka 12 nakuunga mkono. Kuanzia 14 hapana, kwa sababu mtoto anayejifunza skrini na roli vizuri anajifunza kumsoma mlinzi wa pili, na hilo mtu kwa mtu halikufundishi. Ila hiyo ya kuita skrini kwa kukosa la kufanya ni kweli, ninao wawili watatu wa namna hiyo timuni kwangu.

---

Kiti cha Mbele

Mkuu, tupe basi na zoezi. Nina ringi mbili, mipira michache, watoto wengi.

---

Midundo Miwili

Anza watu wawili bila mlinzi, lakini usikae hapo muda mrefu, dakika tano zinatosha, ni kwa ajili ya miguu na pembe tu. Timu nyingi hubaki hapa wiki nzima, inapendeza macho, halafu mlinzi wa kwanza akitokea kila kitu kinaanguka.

Zoezi lenye nyama ni wawili dhidi ya mmoja. Mlinzi wa gadi mtoe. Mbakize mlinzi wa senta peke yake. Wewe kocha simama nyuma ya gadi ambapo mlinzi anakuona na gadi hakuoni. Onyesha kidole kimoja: mlinzi abaki chini na senta. Viwili: apande kumkaba gadi. Vitatu: ajifanye anapanda halafu arudi. Gadi hajui kinachokuja, lazima asome kwenye mdundo wa pili. Akibaki, gadi anamalizia mwenyewe. Akipanda, pasi ya chini. Akidanganya, gadi ashike mwendo, asikimbilie kutoa. Hicho cha tatu ndicho kitakachokula muda wako, kwa sababu gadi wachanga wanaamua wakati bado wako juu ya skrini na wanatekeleza walichoamua hata kama mlinzi amebadilika.

Baadaye rudisha mlinzi wa gadi, iwe wawili kwa wawili. Kisha watatu kwa watatu, na yule wa tatu wa ulinzi mwambie akae peinti apendavyo, kama FIBA inavyomruhusu. Hapo mshambuliaji wa tatu ataanza kuelewa kwamba akisimama anamuua senta wake.

Uwanja ukiwa na mchanga juu ya saruji, fagia kwanza pale senta anapogeukia. Nyonga inageuka, mguu unateleza, goti linabaki.

---

Dada wa Posti, Mombasa

Kwa hilo zoezi ongeza hivi, kaka: wabadilishe. Gadi aweke skrini, senta awe na mpira. Denver walifanya hivyo sana walipochukua ubingwa 2023, Jamal Murray anamuwekea Nikola Jokić. Mchezo wa tatu wa fainali Jokić alikuwa na pointi 32, ribaundi 21, asisti 10, na Murray 34, 10 na 10. Wawili hao hujui nani atamuwekea nani.

Lakini faida kwangu mimi ilikuwa nyingine. Siku gadi wetu alipowekewa kazi ya skrini akagongwa kifuani vizuri, hakuniacha tena nikagongwa bure. Sasa ananingoja.

---

Filimbi ya Kati

Nathibitisha, huyo gadi namfahamu aina yake 😀

---

Kijana Namba Saba

Kocha, la mwisho. Natumia mkono wa kulia. Wakiniwekea skrini niende kushoto, ile pasi ya chini ya mkono mmoja inanishinda, nauvuta mpira kulia kwanza, inakatwa. Nimwambie senta aniwekee kulia tu?

---

Midundo Miwili

Ukimwambia hivyo, mlinzi wa timu pinzani atakuwa amelijua kufikia robo ya pili, na watakufungia upande mmoja mechi nzima: mlinzi wako anasimama juu ya skrini kukukataza kulia, mkubwa anakusubiri kushoto.

Mkono wa kushoto utakuja, upe muda. Kila siku simama mita tatu na ukuta, dunda kwa kushoto, na kutoka kwenye mdundo huohuo piga pasi ya chini ukutani bila mkono wa kulia kugusa. Kiwiko kikae karibu na mwili, kazi ifanywe na kiganja.

Kwa mechi ya Jumamosi hii, ukienda kushoto usilazimishe pasi ya chini. Mdundo wa pili simama kwa miguu miwili, geukia ndani, mpe aliyepanda kutoka kona, yeye ampe senta. Inachelewa kidogo lakini inafika.

---

Dada wa Posti, Mombasa

Na umwambie senta wako mapema kwamba ukienda kushoto pasi itatoka kwa mtu wa tatu, ili asimame atafute mgongo wa mlinzi, asikimbie akapita chini ya ringi mpira bado uko juu.